Mkono wa Mama Edinah

Mama Edinah aliposhuka kwenye pikapu alimpa Kipkosgei mkono, akamshika kwa nguvu asije akateleza kwenye matope, na hata baada ya kusimama imara hakutaka kuuachilia.

"Asante, Daktari," alisema. "Mungu akubariki na safari zako."

"Karibu, Mama. Ngoja nikutolee begi," Kipkosgei alimjibu, akauchomoa mkono wake haraka akakimbilia nyuma ya gari, uso umemchanua kwa furaha.

Emmy alikuwa bado ndani ya gari. Aliviona vile viganja viwili vikishikana, vikiachana, macho yakamjaa machozi. Alijifanya anatafuta simu chini ya kiti.

Jamani, ni mkono tu! Nani hulia kwa sababu mama yake amesalimiana na mtu vizuri? Lakini kama umezaliwa huko kwao Bokoli utanielewa. Kwa watu wa kina Emmy, mama hamshiki mkwe wake mkono. Hali naye meza moja, halali naye chini ya paa moja, na wakikutana njiani mama huvuta leso kichwani akapita kando kana kwamba amemwona chui. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mwanamume ambaye mama anamshika mkono, anamkaribisha chai, anacheka naye mpaka anajipangusa macho, huyo ni mgeni mwema. Ni daktari aliyekuja kutibu ng'ombe. Mkwe si yeye.

Na Kipkosgei, mtoto wa watu, hakujua.

Miaka sita alikuwa anaenda pale Bokoli. Yeye ni daktari wa mifugo pale Kiminini, na Emmy ni nesi Kitale mjini, na mapenzi yao yalianza siku Kipkosgei alipoletwa kliniki amepigwa teke na ng'ombe wa mtu. Kila alipofika kwa kina Emmy, Mama Edinah alitoka nje kumlaki, mkono mbele. Kila mara Kipkosgei alirudi akiimba. Na kila mara Emmy alikosa ujasiri wa kumwambia maana ya mkono ule. Kwanza alidhani mama atabadilika. Halafu baba akaanza kuugua, miaka miwili ya kumgeuza kitandani na kumwosha, na Emmy akawa anatoka zamu Ijumaa jioni, anafika Bokoli usiku, anarudi Kitale Jumatatu alfajiri. Mwezi wa tatu mwaka huu wakamzika mzee. Kabla hajafa alimshika Emmy kifundo cha mkono, akamwita kwa jina lake la nyumbani akamwambia, "Nabwile, usitoke hapa kwenda kwa mwanamume bila neno la mama yako." Emmy aliahidi. Ahadi ya maiti haivunjwi, na mama hakulitoa neno.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na tatu, na uchovu ulikuwa umemwingia mpaka kwenye nyayo. Alishakata shauri. Kesho Jumapili wakirudi, wakifika Kiminini, atamwambia Kipkosgei waachane. Atafute msichana wa kwao, azae watoto, aache kupoteza ujana wake kunywa chai Bokoli.

Kambi hii ya kifahari waliyofikia leo ilikuwa wazo la Kipkosgei. Wiki mbili nyuma alikuja na simu yake, akamwonyesha mama picha: mahema makubwa yamesimama chini ya miti upande wa mlimani, juu ya Kitale, yana vitanda, yana mabafu ya maji ya moto. "Mama, tangu mzee alale haujapumzika hata siku moja," alisema. "Twende sisi watatu. Siku mbili tu."

Emmy alimtazama mama yake akiomba kimoyomoyo akatae. Mama anayemhesabu mtu kuwa mkwe angeruka juu kwa aibu akisikia habari ya kulala naye kambi moja. Mama Edinah alisema, "Sawa, Daktari. Nitakuja." Jumatatu akaenda soko la Kimilili akanunua sweta mpya ya safari. Hapo ndipo Emmy alipokata tamaa.

*

Aliyewapokea alikuwa msichana mmoja mchangamfu, amevaa aproni ya kijani, jina lake Chepkirui. Alimsalimia Kipkosgei kwa lugha yao, akawageukia akina mama kwa Kiswahili.

"Karibuni sana. Hema yenu ni ile ya familia. Hapa katikati ni sebule, huku ni chumba ya Mama na binti yake, huku ng'ambo ni ya Daktari. Katikati iko pazia ya turubai, unafunga na zipu. Ukitaka kitu unipigie kengele."

Mama Edinah aliingia taratibu, akagonga ukuta kwa kidole. Ukuta ukacheza.

"Hii ni nyumba imekosa fundi," alisema.

"Ni hema, Mama," Chepkirui alicheka.

"Najua hema, mwanangu. Nimelala kwa hema ya mkutano wa kanisa Webuye siku nne. Lakini haikukuwa na taa za kuning'inia." Akaingia chumbani, na wakamsikia akipaza sauti. "Nabwile! Kuja uone. Mito saba! Kichwa ngapi zinalala hapa? Na taulo wameikunja ikakuwa bata. Sasa mimi nikioga nitajipangusa na bata?"

Kipkosgei alicheka mpaka akashika mlingoti wa hema. Emmy naye akacheka, maana mama yake hakuwa amefanya mzaha tangu mazishi. Halafu akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetupa ndoana ya mwisho mtoni.

"Mayi, si unaona paa ni moja? Wewe huku, yeye pale. Itakuwa sawa kweli?"

Mama Edinah alimtazama. Wote wawili walijua kilichoulizwa.

"Ni sawa tu," mama alisema, akageuza uso akaanza kufungua begi. "Paa yenyewe ni kubwa."

Chakula cha mchana walikula meza moja. Kipkosgei alimkatia Mama Edinah ugali, akamwekea kipande kikubwa cha nyama, akamjazia kikombe maziwa lala. Mama akala, akamshukuru, akamuuliza habari za ng'ombe wa Kiminini. Alipoinua kikombe alikishika kwa mikono miwili. Emmy alitafuna tonge moja dakika kumi.

Baada ya kula mama alisema macho yamekuwa mazito, akaingia chumbani kwake na kufunga zipu. Mawingu yalikuwa yamekaa mlimani tangu asubuhi, na sasa yakashuka. Mvua ikapiga juu ya turubai ikawa kelele tupu. Emmy na Kipkosgei wakabaki sebuleni, kila mtu kwenye kiti chake cha kulalia, na ikabidi wainue sauti kusikilizana.

"Emmy, nimekuangalia tangu Bokoli. Uko hapa na hauko."

"Nimechoka, Kip."

"Si ndio maana nikakuleta upumzike?"

"Huu wangu si uchovu wa kulala."

Kipkosgei alivuta kiti karibu. Alikuwa na macho ya upole, yenye mikunjo midogo pembeni kwa sababu ya jua la mashambani, na Emmy aliyapenda macho hayo kuliko alivyotaka kukumbuka leo.

"Ni kuhusu sisi," alisema Kipkosgei. "Unaogopa nyumbani kwenu watatucheleweshea tena. Usiogope bana. Mama yako ananipenda! Wewe mwenyewe unaona. Yule Kizito wa ofisini kwetu, si ni mtu wa kwenu? Ameoa miaka nne, na mama mkwe wake akimwona anaruka ua ya jirani. Nilimwonea huruma. Nikamwambia, pole ndugu yangu, mimi wangu ananipa hadi mkono."

"Wele! Mungu wangu!" Emmy alifunika mdomo. "Ulimwambia hivyo? Na Kizito akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliniangalia tu, akaninunulia soda."

Emmy alianza kucheka. Alicheka vibaya, cheko la mtu aliyeishiwa, mpaka Kipkosgei naye akaacha kutabasamu.

"Kip, alikununulia soda kwa sababu alikuhurumia."

"Mimi?"

"Wewe." Akavuta pumzi. "Kwetu mama hamshiki mkwe mkono. Hawali pamoja. Hawalali nyumba moja. Yule mama anayeruka ua, anamheshimu Kizito. Amemkubali. Mama anayekupa mkono..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja. Aliona neno likimwingia polepole, kama sindano inavyoingia.

"Krismasi alinipa mkono," Kipkosgei alisema.

"Ndiyo."

"Siku ya mazishi alinipa mara mbili. Leo pia, tukishuka kwa gari."

"Nimeona."

"Kwa hivyo kila hiyo saa alikuwa ananiambia..."

"Kwamba wewe ni mgeni. Mgeni mzuri, lakini mgeni. Niliwahi kumuuliza. Akasema, 'Mtu asiyejua hata kunikimbia nitamwitaje mkwe?'"

"Na wewe ulijua miaka sita."

"Nilijua."

"Miaka sita, Emmy! Ukaniacha nijitape kwa watu kama mjinga!" Alisimama, kichwa kikagusa taa, ikayumba. "Singeweza kujifunza? Mimi nimesoma magonjwa ya ng'ombe miaka mitano, ningeshindwa na leso?"

"Ulikuwa unatoka pale umefurahi sana!" Emmy naye alipaza sauti, mvua na uchungu vikamsukuma. "Wewe ungesema? Ungeweza kumvunja mtu moyo anaimba barabarani? Halafu ungejifunza nini, Kip? Kukimbia si wewe unakimbia, ni yeye. Huwezi kumlazimisha mtu akuheshimu. Nimengoja. Nimengoja nikachoka. Nilikuwa nikuambie kesho Kiminini, lakini basi, wacha niseme leo. Tuachane. Baba aliniapisha nisitoke bila neno la mama, na neno haliji. Enda ukaoe."

Kipkosgei alikaa tena. Alikaa vibaya, kama mtu aliyekatwa miguu. Mvua ilipiga, ikapiga. Emmy alingoja matusi, na angeyapokea kwa mikono miwili kwa sababu yangemrahisishia kazi. Lakini aliposema, Kipkosgei alisema jambo lingine kabisa.

"Umewahi kuuona mkono wa mama yako?"

"Mkono upi?"

"Huo anaonipa."

"Kip, nimekwambia nini sasa hivi—"

"Unatetemeka, Emmy. Nimeuona tangu mzee alipougua. Umewahi kuuona? Ukiniangalia naye, wewe unaangalia kama ametoa au hajatoa. Mimi ndiye naushika. Unatetemeka mpaka chai inamwagika kwa sahani, anajifanya ni kikombe imejaa sana. Nikiushika unatulia. Kwa hivyo huwa naushika kidogo."

Emmy hakuwa ameuona. Nesi wa miaka kumi, anayepima watu mapigo ya moyo mchana kutwa. Akakumbuka mikono miwili kwenye kikombe cha maziwa, na aibu ikamwaka mashavuni.

"Nani mwingine anamshika?" Kipkosgei aliendelea, sauti juu kuishinda mvua. "Ndugu yako Wabwile ako Nairobi. Wewe ukifika unafua, unapika, unalala umekaa. Mzee ndiye alikuwa anamshika, ameenda. Basi kama huo ndio mkono wa kunikataa, wacha anikatae! Sina shida! Nitaenda Bokoli kila Jumamosi akanikatae!"

Mvua ya mlimani haina adabu. Ilikatika ghafla, pap, kama mtu amefunga mfereji, na yale maneno ya mwisho yakatoka kwenye ukimya mtupu, yakasikika labda mpaka jikoni kwa Chepkirui. Wote wawili waliganda. Nyuma ya turubai kitanda kililia mara moja, kisha kikanyamaza.

"Amelala," Emmy alinong'ona.

"Amelala," Kipkosgei alikubali, ingawa hakuna aliyeamini.

Akainama, akautafuta uso wa Emmy. "Nijibu basi."

"Siwezi, Kip," Emmy alisema taratibu. Machozi yalikuwa yanashuka yenyewe, hata hakuyapangusa. "Nakupenda. Sijawahi kupenda mtu mwingine hivi na sitapenda. Lakini sina nguvu ya Jumamosi ingine."

Kipkosgei aliinuka kitini. Halafu akavaa buti zake, akasema anaenda kuangalia kama gari limekwama, na gari lilikuwa limesimama kwenye changarawe ngumu.

*

Emmy hakukusudia kulala. Alifumba macho tu ayapumzishe, na alipoyafungua jua la saa kumi na moja lilikuwa limeingia hemani na mtu amemfunika blanketi. Kipkosgei alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama ameamka?"

Waligeuka pamoja. Zipu ya chumba cha mama ilikuwa wazi mpaka chini. Emmy aliingia. Kitanda kilitandikwa kikanyooka, mito saba imepangwa mstari mmoja, bata wa taulo amerudishwa juu yake. Begi la mama halikuwepo. Sweta mpya haikuwepo.

"Mayi?" aliita. Kisha kwa nguvu, "Mayi!"

"Alisikia," Kipkosgei alisema, rangi imemtoka. "Emmy, alisikia kila kitu. Nimemwambia nini Mungu wangu, ati anatetemeka, kama ng'ombe mgonjwa! Ametoka hapa na miguu na hii matope!"

Walitoka mbio. Hawakufika mbali. Nyuma ya jiko la kambi, karibu na tangi la maji, Mama Edinah alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso kiunoni, anamnyonyoa kuku. Chepkirui alikuwa amechuchumaa mbele yake na sufuria ya maji ya moto. Walikuwa wanapiga soga kama watu waliolelewa pamoja.

"Mama!" Kipkosgei alipumua kwa nguvu. "Umetutisha!" Akaenda kwa hatua ndefu, mkono wa kulia ameunyoosha mbele kama kawaida yake.

Mama Edinah aliinua macho. Kuku akaanguka kwenye sufuria. Mama yule wa miaka sitini na saba, mwenye magoti ya kulalamika kila asubuhi, aliruka kutoka kwenye kigoda, akaivuta leso kiunoni akajifunika kichwa na uso, na kabla Chepkirui hajafunga mdomo alikuwa ametokomea nyuma ya tangi.

Mkono wa Kipkosgei ulibaki hewani.

"Chepkirui," sauti ilitoka nyuma ya tangi, "mwambie huyo mtu asimame hapo hapo."

Chepkirui aliangalia tangi, akamwangalia Kipkosgei aliyekuwa hatua nne kutoka hapo. "Mama anasema usimame."

"Nimesikia."

"Mwambie nimemsalimia. Na umwambie kwa hiyo hema sitalala. Nitalala huku kwako. Paa ni moja, haiwezekani."

"Mama anasema—"

"Mama, nisamehe!" Kipkosgei alilia, akapiga hatua moja mbele. "Yale maneno sikusema kwa ubaya, naapa. Nitawapeleka nyumbani sasa hivi ukitaka. Wacha tu nikushike mkono nikuombe—"

"Asikaribie!" Mama Edinah alipiga ukelele, na vidole viwili vikaonekana vikiikaza leso. "Nabwile! Kwani haujamfundisha mtu wako adabu? Anataka kuniua na aibu mbele ya watoto wa wenyewe?"

Mtu wako. Emmy alilisikia neno hilo. Akashika nguzo ya kamba ya nguo. Kitu kilichokuwa kimembana kifuani miaka sita kilianza kufunguka, na kilifunguka kwa kilio. Alilia kwa sauti, kama mtoto.

"Usilie," Kipkosgei alimwambia, naye machozi yakimlenga. "Basi yameisha. Nimekubali. Tunaondoka."

"Kip." Emmy alikuwa analia na kucheka, kamasi na yote. "Kip, rudi nyuma. Rudi hatua kumi. Shusha huo mkono, mpenzi wangu, na umpe mama mgongo."

"Kwa nini?"

"Amekukimbia!"

Ilimchukua muda. Chepkirui naye hakuelewa, akabaki ameshika sufuria. Kisha Emmy aliona uso wa Kipkosgei ukibadilika, jicho kwanza, mdomo baadaye. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akiuangalia mkono wake mwenyewe. Akageuka akawapa mgongo, akasimama wima kama mwanafunzi aliyeambiwa atazame ukuta.

Emmy alizunguka nyuma ya tangi. Mama yake alikuwa ameegemea bati, anahema, leso imemfunika mpaka puani.

"Mayi."

"Hema ni nguo tu," Mama Edinah alisema. "Nani hasikii?"

"Umesikia yote?"

"Nimesikia ile ya mkono." Aliutoa chini ya leso, akautazama. Ulikuwa unatetemeka, vidole vinacheza vyenyewe. "Baba yako alikuwa anajua. Kanisani, kabla hajaugua, alikuwa anaushika chini ya kitabu cha nyimbo, watu wasione. Nikadhani ameenda na siri yangu."

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ni nesi, Mayi!"

"Wewe ulikuwa umechoka, mwanangu. Niongeze nini?" Walisikia Kipkosgei akikohoa huko alikosimama. "Si ati nilikuwa namkataa. Mwaka wa kwanza, sawa, nilimkataa. Nilisema ni mtu wa mbali, hajui mila. Lakini baba yako alipougua huyo kijana akawa anakuja, ananishika hivi, unatulia. Nikajua siku nikimwita mkwe sitamshika tena mpaka nife. Ndio nikawa nasema, wacha kwanza. Jumamosi hii tu. Wacha kwanza." Akajifuta macho na pindo la leso. "Nimekula siku zako, Nabwile. Nimekuwa mchoyo na kitu si changu. Leo nimesikia anasema akataliwe kila Jumamosi ili mimi nishikwe. Nikaona hapana. Hata uchoyo una mwisho."

Emmy alisogea karibu. Aliuchukua ule mkono, akauweka kati ya mikono yake miwili. Ulitetemeka ndani ya viganja vyake kwa muda, kisha ukatulia.

"Ehe," mama alisema. "Hivyo hivyo."

*

Chepkirui alileta chakula hemani jua linapozama: kuku mzima kwenye bakuli lililofunikwa, ugali moto, mboga. Mama alikuwa amepika mwenyewe na kukataza mtu yeyote asionje. Yeye alibaki kule jikoni, upande wa pili wa ua, ameupa mlango mgongo.

Emmy alileta jagi na karai. Kipkosgei aliketi. Furaha ilikuwa imemchosha kuliko huzuni ilivyomchosha.

"Ulikuwa uniambie nini kesho Kiminini?" aliuliza.

"Sikumbuki."

"Emmy."

"Nimesema sikumbuki. Lete mikono unawe."

Akatoa wa kushoto. Emmy akaumwagia maji. Akangoja wa kulia, hakuuona.

"Na huo mwingine?"

"Huu bado." Kipkosgei alikuwa ameukumbatia kifuani, anauangalia. "Alinishika leo tukishuka kwa gari. Hakutaka kuniachilia, mimi nikauchomoa nikakimbilia begi. Ningejua ni mara ya mwisho, Emmy, hiyo begi ingekaa tu."

"Anaweza kukusalimia kwa mdomo. Na atakupikia mpaka uchoke."

"Najua." Akaufungua ule mkono, akaufumba. "Ni vile nilikuwa nimeuzoea."

Emmy aliweka jagi chini. Akaketi kando yake, akauchukua ule mkono wa kulia ambao haujanawa, akaulaza mapajani mwake. Hakumhimiza anawe. Mvuke wa kuku ulikuwa unapanda chini ya mfuniko na hakuna aliyeugusa.

Kutoka ng'ambo ya ua sauti ikaja, imepandishwa makusudi ili ipite kwenye turubai.

"Nabwile! Mkwe wangu amekula?"

Kipkosgei aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika.

"Bado, Mayi!" Emmy alijibu. "Anamalizia kunawa!"